Jioni Saba za Kalkata

Gregori alifika Dar es Salaam mwezi wa Februari, mwaka wa 1946, akiwa na nia ya kulala usiku mmoja tu. Treni ya Tabora ilikuwa inaondoka kesho yake, na huko kwao mama yake alikwisha kutenga mbuzi wa kumpokea mwanawe aliyetoka vitani na viungo vyote mahali pake. Lakini kabla ya mbuzi kulikuwa na shughuli ndogo huko Temeke, kwenda kumpa pole mama wa rafiki yake. Shughuli ndogo hiyo ilimweka Temeke miaka yote iliyobaki, na yule mbuzi wakamla wengine.

Rafiki mwenyewe aliitwa Sadallah, Mzaramo wa hapohapo Temeke, dereva wa malori ya jeshi kama yeye. Walikutana kambini mwaka wa 1942, na siku hiyohiyo ya kwanza Sadallah alimnyang'anya sahani ya maharage, akala nusu nzima, kisha akamwambia, "Mnyamwezi hashibi mpaka apewe mzigo. Nenda kabebe kitu kwanza." Gregori naye akamvua kofia, akaikalia. Askari wa makabila mengine walidhani watauana. Wapi! Walikuwa watani. Babu zao walianza mambo hayo tangu enzi za misafara, Wanyamwezi wakishuka pwani na mizigo kichwani, na wajukuu wakayarithi kama yalivyo. Mtani huchukua chako ukanyamaza. Anakusema mbele ya wakwe zako ukacheka. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kumkejeli marehemu mpaka wenye kilio washike mbavu.

Basi wakaenda Burma wakitaniana, wakapita kwenye mvua na matope na mengine ambayo waliokuwapo hawapendi kuyasema na wasiokuwapo hawayaamini. Mwaka wa 1945 kikosi kikarudishwa India kupumzika. Sadallah alikuwa na homa iliyokataa kumtoka, akalazwa katika hospitali ya jeshi mjini Kalkata. Baada ya mwezi, Gregori naye akapewa likizo ya siku nane katika mji uleule. Wenzake walimwonea kijicho. Siku nane bila bunduki, tena rafiki yupo karibu!

Siku ya kwanza alikwenda moja kwa moja hospitali. Wageni waliruhusiwa kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, na saa kumi ilimkuta mlangoni. Sadallah alikuwa amekonda mpaka meno yamekuwa makubwa.

"Umefuata blanketi langu?" akauliza.

"Nimekuja kukupima," Gregori akajibu. "Nataka kujua kaburi lako litanitoa jasho kiasi gani. Naona si kazi kubwa, umebaki fito."

Walicheka mpaka Sadallah akakohoa. Alipotulia, akamshika mkono, na huo ulikuwa mkono wa mtu asiyetania.

"Sikiliza, Gregori. Nataka uniandikie barua kwa mama. Wewe ulisoma misheni, mie kalamu hainijui. Na hawa wenzangu humu wote ni watu wa Afrika ya Magharibi, hata salamu zao sizielewi."

"Niandike nini?"

"Radhi. Naomba radhi."

Kisa chake Gregori alikijua. Baba yake Sadallah alichukuliwa upagazi katika vita vya Mjerumani, akarudi na kifua kilichomwua, Sadallah akiwa bado ananyonya. Kwa hiyo mama yake, Bi Mwajabu, aliposikia mwanawe wa kiume, wa pekee, anataka kwenda jeshini, alisimama uani akasema, "Ukiuvuka uzio huu, radhi yangu huna." Sadallah aliuvuka alfajiri, mama akiwa kwenye mswala. Wakati ule alikuwa kijana na damu inachemka. Aliona ni maneno ya mama tu. Sasa amelala chali mwezi mzima, maneno yale yamemkalia kifuani. Mtu kufa bila radhi ya mama yake si jambo dogo. Kwa watu wa pwani, huyo hata ardhi inampokea kwa shingo upande.

"Andika hivi," Sadallah akasema. "Mama, mie mwanao Sadallah nimekosa. Niliuvuka uzio nikakuacha unasali. Nipe radhi hata kwa barua. Basi, hayo tu."

"Sikuja na karatasi."

"Kesho, basi. Saa kumi."

"Kesho saa kumi," Gregori akasema. Akampigapiga bega, akatoka.

Na mji ukamdaka pale nje. Alikuwa hajauona, wakati wa kuja alipita tu, macho yote kwenye kuuliza njia. Sasa jua linashuka, joto limepungua, na watu wote wa Kalkata ni kama wametoka majumbani kwa mara moja. Alipanda tramu bila kujua inakwenda wapi. Kengele ikalia, upepo ukamwingia kwenye shati, akashuka kwenye uwanja mkubwa wa majani ambako mbuzi walikuwa wanalishwa katikati ya jiji na hakuna aliyewafukuza. Akanunua chai kwenye kikombe cha udongo. Alipokwisha kunywa alitaka kukirudisha kikombe, muuzaji akacheka, akamwonyesha kwa mkono: kitupe! Gregori akakitupa chini kikapasuka, na moyo wake ukafurahi kwa upuuzi ule. Kwa miaka mitatu jeshini alikuwa akisaini hata kijiko. Alirudi kwenye bweni la askari kwa miguu, polepole, akipiga mluzi.

Siku ya pili alinunua karatasi na bahasha, akazitia mfukoni. Saa tisa na nusu alikuwa njiani, kweli alikuwa njiani. Lakini njia ile ilipita kando ya soko kubwa lililoezekwa, na Gregori akasema achungulie dakika mbili. Ndani mle mlikuwa na vichochoro vya hariri, vichochoro vya maua, vya kasuku, vya viatu. Mzee mmoja alimwonjesha vidonge vyeupe vya maziwa vilivyozama kwenye shira, akaonja kimoja, akanunua vinne. Alipotoka, taa zimewashwa. Saa kumi na mbili ilikuwa imepita.

Kesho, akajiambia.

Siku ya tatu alikwenda kulitazama daraja jipya la chuma, akakaa pale akiangalia watu wakivuka wasiishe. Siku ya nne alikwenda sinema. Hakuelewa neno, alilia pamoja na watu. Siku ya tano akakaa tu ziwani kwenye bustani, akiwatazama akina mama wa Kihindi wakitembea na watoto wao, na karatasi ile ya barua akaifungia njugu. Kila siku, ikifika saa kumi, kitu kilimchoma. Alikijua ni nini. Alikijibu vilevile kila mara: homa ya Sadallah ni ya siku nyingi, homa ya siku nyingi haiui kwa siku mbili, kesho nitakwenda mapema. Ukweli, ambao alikuja kujiambia baadaye sana, ni kwamba alikuwa amechoka na wagonjwa. Alichoka harufu yao, alichoka kuwachekesha. Jioni zile zilikuwa zake, na hakutaka kumgawia mtu hata nusu saa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia halikuwa lake.

Jioni ya sita alitembea, na ya saba akatembea. Siku ya nane, ya mwisho, alikwenda hospitali na kikopo cha vile vidonge vya shira na karatasi mpya. Kitandani alikuta mtu mwingine. Sadallah alikuwa amefariki jana yake alfajiri, na amekwisha kuzikwa.

Hayo ndiyo aliyoyabeba mpaka Temeke.

Bi Mwajabu alikuwa mwanamke mfupi, mweusi tii, mwenye sauti iliyofika nyumba ya tatu. Aliishi na bintiye Zuena katika nyumba ya udongo na makuti, nyuma yake mikorosho mitatu. Habari ya kifo aliipata bomani mwaka uliopita. Tanga lilikwisha kukaliwa, machozi ya kwanza yalikwisha kukauka. Gregori alikuwa ameyapanga maneno yake melini tangu Bombay. Alikusudia kusema kweli yote. Lakini Bi Mwajabu alimshika mikono miwili, akamtazama usoni kwa uchu kama anayemtafuta mwanawe humo.

"Mlikuwa pamoja?"

"Tulikuwa pamoja," Gregori akasema.

Neno moja hilo. Baada ya hapo uongo ulijitembeza wenyewe. Akasema walipewa likizo wote wawili. Walitembea Kalkata jioni saba, yeye na Sadallah, na siku ya nane homa ikampanda ghafla ikamchukua. Mama akataka kujua walitembea wapi. Gregori akamweleza tramu, na Sadallah akawemo kwenye tramu. Akamweleza vikombe vya udongo, na Sadallah ndiye aliyekipasua cha kwanza. Bi Mwajabu akacheka, huku anafuta macho kwa upindo wa kanga, akasema, "Huyo ndiye. Tangu mtoto alikuwa mvunja vyombo!"

Treni ya Tabora iliondoka bila Gregori. Alipata kazi katika gereji ya Mgiriki mmoja mjini, akapanga chumba Temeke, na kila Jumapili akitoka misa alikwenda kwa Bi Mwajabu. Aliingia bila hodi, akafunua sufuria, akalalamika. "Wazaramo nyie, ngoma ikilia mnaacha chakula kinaungua!" Naye mama humjibu, "Kula unyamaze, mpagazi mkubwa wee, utabeba nini na tumbo tupu?" Majirani walikuwa wakija kusikiliza. Kisha, baada ya kula, mama atasema, "Haya, nitembeze." Na Gregori atamtembeza Kalkata, jioni ya kwanza mpaka ya saba, Sadallah pembeni yake. Aliyajazia mambo. Alimfanya Sadallah aseme maneno ya kuchekesha ambayo hakuyasema. Akirudi chumbani kwake alikuwa akijitazama mikono na kujichukia, lakini alijiambia: si namfariji? Kuna ubaya gani?

Ubaya aliuona mwezi wa tano. Zilikuwa zimebaki wiki mbili isomwe hitima ya kutimiza mwaka. Zuena alikuwa kisimani. Bi Mwajabu aliweka chini ukili aliokuwa akisuka.

"Mtani, nataka nikuulize lisilo na utani. Jioni zote saba hizo, mnakula, mnacheka, hakukwambia lolote juu yangu? Hakuomba radhi?"

"Alikuwa akikutaja," Gregori akasema.

"Kunitaja atanitaja, mie si mama yake? Nauliza, radhi aliomba?"

Gregori aliinama, akaokota jani la ukili. Angesema ndiyo, mama angeuliza lini, wapi, kwa nini hukuniambia tangu Februari. Na nyuzi zote zingefumuka.

"Basi," Bi Mwajabu akasema taratibu. "Ningesikia alilala mgonjwa, ningesema maumivu yamemsahaulisha. Lakini alikuwa mzima. Moyo umemkunjuka, anakula vitamu vya Wahindi, na mama yake hakumjia akilini hata jioni moja. Mie radhi sigawi kama njugu. Mtu huomba."

Gregori alirudi chumbani akakaa kitandani mpaka kiza kikaingia. Yeye alidhani amemdanganya mama kwa kumhurumia. Kumbe amemshtaki rafiki yake. Sadallah aliyeomba radhi kwa pumzi zake za mwisho sasa anajulikana Temeke kama mtoto aliyesahau. Na mtu pekee duniani anayejua si kweli ni yeye, anayeogopa fedheha. Machozi yalimtoka, ya hasira zaidi kuliko huzuni, na hasira yote juu yake mwenyewe.

Akaazimia kusema siku ya hitima, mbele ya watu, ili jina la Sadallah lisafishwe palepale lilipochafuliwa. Ilikuwa nia njema na kosa kubwa.

Siku hiyo mjomba wa marehemu, Mzee Mwishehe, aliongoza kisomo. Dua zikaisha, pilau ikapakuliwa, watu wakaanza kula kwenye majamvi uani. Gregori akasimama.

"Ndugu zangu," akasema, "nina neno. Mie Sadallah nilimwacha hospitali peke yake. Aliniomba nikamwandikie barua, sikwenda. Nilikuwa natembea mjini nakula vitamu."

Kisha Mzee Mwishehe akapiga goti lake kwa kofi.

"Msikieni Mnyamwezi! Mwaka mzima tanga limekosa mtani, leo kaja kulipa! Kamwacha mgonjwa kakimbilia halua!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko.

"Nasema kweli!" Gregori akapaza sauti. "Karatasi ya barua niliifungia njugu!"

Weee! Hapo ndipo wanawake walipopiga vigelegele. Mtu mmoja alipaliwa na wali. Kadiri alivyokazana kuapa ndivyo walivyozidi kucheka, kwa sababu hivyo ndivyo mtani hodari anavyofanya: anaapa, anakaza uso, anajitia machozi. Zuena akaja akamfunga kanga kiunoni, akamkabidhi kuku mzima aliyefungwa miguu, haki ya mtani matangani. Gregori akamtafuta Bi Mwajabu kwa macho. Alikuwa amekaa kati ya wenzake, anacheka mpaka mabega yanatikisika, kicheko cha kwanza cha namna hiyo tangu habari ije.

Na hapa, msomaji, mtu huyu alifanya jambo ambalo hakujisamehe. Aliona mlango uko wazi, akapita. Alimnyanyua yule kuku juu, akasema, "Kuku mwenyewe mwembamba kama Wazaramo!" Watu wakashangilia. Akaketi, akala pilau.

Usiku ule hakulala. Kuku alilia pembeni ya chumba mpaka asubuhi. Kazini aliharibu karbureta mbili, Mgiriki akamfukuza arudi nyumbani. Hakukaa nyumbani. Alimchukua kuku na kanga, akaenda kwa Bi Mwajabu, na safari hii alisimama nje ya uzio akapiga hodi.

Bi Mwajabu alitoka na ufagio. "Hodi? Tangu lini? Au umekuja kudai jogoo?"

Gregori akaweka kuku chini, na kanga juu ya uzio. "Shikamoo, mama," akasema.

Alikuwa hajawahi kumwamkia hivyo. Mtani haamkii, hupayuka. Bi Mwajabu alitazama kuku, akatazama kanga.

"Unarudisha? Mtani harudishi kitu."

"Naomba unisamehe."

"Wewe una wazimu? Utani hauna msamaha."

"Ndiyo maana naomba."

Ufagio ulishuka taratibu. Bi Mwajabu alimtazama, na Gregori akauona uso ule ukielewa, kipande kwa kipande, tangu Februari mpaka jana. Akamweleza yote, amesimama palepale nje ya uzio, hakuombwa kuingia. Alimweleza kitanda, na mkono ulivyomshika, na karatasi.

"Alisema maneno gani?" mama akauliza. "Yaseme kama alivyoyasema."

"Mama, mie mwanao Sadallah nimekosa. Niliuvuka uzio nikakuacha unasali. Nipe radhi hata kwa barua."

Bi Mwajabu alishika mti wa uzio. Kisha akainua mikono miwili, akasema kwa sauti ile iliyofika nyumba ya tatu, "Sadallah, mwanangu, radhi nimekupa. Nimekupa. Nimekupa. Lala." Zuena akatoka ndani mbio, akamkuta mama yake analia kwa nguvu, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo.

Gregori naye alingoja asamehewe. Aliona aibu kungoja, lakini alingoja.

"Alikutazamia siku ngapi?" Bi Mwajabu akauliza alipoweza kusema.

"Tano. Dresa wa hospitali aliniambia kila ikifika saa kumi alikuwa akiomba ageuzwe, atazame mlangoni."

Mama alifumba macho. Alipoyafumbua, hasira haikuwamo, na Gregori angeshukuru kama ingekuwamo.

"Umefanya vyema kusema," akasema. "Mungu atakusamehe, na mie nimekusamehe. Ahsante sana, Bwana Gregori."

Akaingia ndani.

Jumapili iliyofuata Gregori alikwenda kama kawaida yake, maana hakuwa na pengine pa kwenda. Aliamua kujikaza. Alipita uzio, akavuta harufu ya nazi, akasema kwa sauti kubwa, "Wazaramo, leo mmeunguza nini?"

Bi Mwajabu alinyanyuka kwenye kigoda, akajifunga kanga vizuri, akamjia na mkono wa salamu.

"Tumepika wali, Bwana Gregori. Karibu sana. Habari za kazi?" Akageukia jikoni. "Zuena! Mtandikie mgeni mkeka."